Spora hazisomi magazeti

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu linauzwa kwa sarafu na sijawahi kukuandikia. Ila ile makala yenu ya "sumu mezani", inayodai vihifadhi vya vyakula ni sumu, imenishinda. Picha ya soseji yenye fuvu la kichwa, kurasa mbili nzima, na hakuna hata mstari mmoja wa kueleza vihifadhi hivyo viliwekwa kuzuia nini.

Haukupita muda, bekari moja hapa Tanga ikabandika tangazo: "Mkate wetu hauna kemikali." Nyumbani tulikuwa na wakwe, nikanunua. Kesho yake asubuhi ganda lilikuwa zuri tu, ila mkate unanuka nanasi lililoiva likapitiliza. Kuumega, ukavuta nyuzi kama mlenda. Mkwe akanitazama, akairudisha slesi yake kwenye sahani. Mimi niliyekula jasho la mikate mpaka kustaafu! Aliyeuharibu mkate ule ni Bacillus subtilis, bakteria wa udongoni anayekuja na unga. Spora zake, yaani bakteria waliolala ndani ya ganda gumu, oveni haiziui, kwa sababu hata ukiiwasha nyuzi 220, katikati ya mkate joto halivuki 100. Mkate ukipoa polepole kwenye fukuto letu la pwani, spora zinaamka, zinachipua, zinautafuna kutoka ndani. Kalsiamu propioneti, kihifadhi cha mkate, hiyo E282 mnayoiita sumu, haiui spora hata moja. Kazi yake ni kuzizuia zisikue na kuzaana. Na asidi ya propioniki, ambayo propioneti ni chumvi yake, inatengenezwa na bakteria wa tumboni mwako, Mhariri, hivi sasa unaposoma.

Soseji nayo ina nitriti, E250, kwa ajili ya kumzuia Clostridium botulinum, bakteria anayetoa sumu ya kuua. Spora zake huchemshwa saa nzima zikatoka hai. Wenye viwanda vya makopo huziua kwa nyuzi 121, kwa mvuke wa presha. Soseji haipikwi hivyo, basi nitriti, chumvi na baridi ndivyo vinavyozikalisha chini. Ikizidi ina madhara, sikatai, ndiyo maana imewekewa kiwango. Hicho kiwango ndicho mngekiandika.

Halafu hizi stika za tarehe, mbona hamzioni? Juzi dukani nilibandua moja kwa ukucha kwenye pakiti ya soseji, chini yake ikatokea tarehe nyingine, imeshapita. Na friji lenyewe linazimwa usiku kubana umeme! Nitriti gani itamweza muuza duka huyo?

Pendekezo langu: nunueni mikate miwili, mmoja wenye E282 na mmoja usio nayo. Ifungeni kwenye mifuko ya plastiki, iwekeni juu ya kabati la chumba cha habari, upande wa dirisha, mwezi Machi, feni zikiwa zimezimwa. Siku ya tatu mwandishi wenu aimege yote miwili mbele ya mpiga picha, kisha achague wa kunywea chai. Chai nitaleta mimi.

Mstaafu wa bekari,
Tanga