Wanaobeba kampeni vyuoni wapewe barua, nauli na msimamizi

Mhariri,

Kila Mei inapokaribia, wanafunzi wenzangu hapa Chuo Kikuu cha Maseno huzunguka mjini Kisumu na bahasha wakitafuta nafasi za atachimenti, yaani mafunzo ya kazini yanayohesabiwa katika masomo, na wengi hurudi mikono mitupu. Wakati huohuo mashirika ya kutetea haki na mazingira hayachoki kutuita tujitolee: tugawe vipeperushi hosteli, tuwahamasishe wenzetu kuhusu dhuluma za kimapenzi, tukusanye sahihi za kupinga uchafu unaomwagwa ziwani. Kazi hiyo naipenda, na mshahara siombi. Naomba tu itambuliwe kuwa ni kazi.

Chukua hilo la sahihi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi katika bunge la kaunti, na anayeliandaa ombi kama hilo tangu mwanzo hadi mwisho hujifunza mengi ambayo darasani hayapatikani. Lakini mwanafunzi hukabidhiwa karatasi asubuhi, akaambiwa aandikishe majina, nambari za vitambulisho na za simu. Hakuna anayemweleza kwamba tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data, wala karatasi hizo zitahifadhiwa na nani. Mama anayeuza samaki Dunga akiuliza nambari yake inapelekwa wapi, kijana huyu atamjibu nini? Na mama yule ana haki ya kujibiwa.

Maandamano nayo sheria inataka polisi waarifiwe siku 3 hadi 14 mapema. Mambo yakiharibika, afisa wa shirika ana kitambulisho cha kazi cha kuonyesha. Mwanafunzi ana fulana tu.

Kwa hivyo mashirika yampe barua inayotaja kazi, muda na msimamizi wake, kisha yamlipie nauli na chakula cha mchana. Nauli si jambo dogo. Wanaotoka nyumba zisizojiweza ndio hujiondoa kwanza, na mara nyingi ndio wanaozijua shida hizo kuliko sisi sote.

Idara zetu nazo zimhesabie muda huo kama atachimenti, na mhadhiri aende kumkagua huko aliko kama anavyomkagua mwanagenzi wa benki au wa ofisi ya kaunti. Wakuu wa idara watangaze hivyo kabla ya likizo ndefu, maana barua za maombi tayari zinaandikwa.

Mwanafunzi wa mwaka wa nne,
Maseno