Barua kwa rafiki wa Mpwapwa: video za ngoma kwenye tovuti yenu

Nkuhungu, Dodoma

Mpendwa rafiki yangu,

Salamu nyingi kutoka hapa Dodoma. Sisi sote tu wazima, na natumaini nanyi huko Mpwapwa hamjambo. Barua yako nimeipata na swali lako nimelitafakari kwa uzito, kwa sababu kazi mliyoifanya ya kuwarekodi wazee wakipiga zeze na ilimba (ala ya vichuma vinavyochezwa kwa vidole gumba), na akina mama wakipiga ngoma za muheme, inastahili kuonekana vizuri. Unauliza kama video hizo zipakiwe moja kwa moja kwenye tovuti ya kikundi au zipachikwe kutoka YouTube, yaani zikae huko lakini zionekane kwenye ukurasa wenu. Maoni yangu ni kwamba mtazihitaji njia zote mbili, na kila video ichaguliwe njia yake kwa kumfikiria anayelipia bando, yaani yule kijana wa Kibakwe mwenye simu ya kawaida, ambaye video ikikwama mara mbili ataiacha na hatarudi.

Nianze na kupakia. Kwa kawaida kinachokwamisha si WordPress yenyewe, programu inayoendesha tovuti yenu, bali seva iliyo nyuma yake, yaani kompyuta inayoihifadhi. PHP, lugha ya kompyuta ambayo WordPress huitumia, huja na kikomo cha megabaiti 2 kwa faili moja na megabaiti 8 kwa ombi zima, na ingawa kampuni nyingi zinazokodisha nafasi za tovuti huviongeza vikomo hivyo, mara nyingi haviongezwi kufikia ukubwa wa video. Vibadilishe vyote viwili kwa pamoja, na kile cha ombi zima kiwe kikubwa kuliko cha faili. Kama seva yenu inatumia Nginx, programu inayopokea maombi ya wageni wa tovuti, nayo ina kikomo chake cha megabaiti 1, ambacho kisipoguswa utaendelea kuona kosa namba 413, maana yake ombi ni kubwa mno, hata kama upande wa PHP kila kitu kimekaa sawa.

Lakini hata vikomo vikifunguliwa, nakusihi usipakie faili kama lilivyotoka kwenye simu. Dakika moja iliyorekodiwa kwa ubora wa 1080 inaweza kuzidi megabaiti 100, kwa hiyo wimbo wa dakika 10 unafika gigabaiti nzima. Tumia FFmpeg, programu isiyolipiwa, kuugeuza uwe faili la MP4 lenye picha ya H.264 na sauti ya AAC (mbinu za kubana zinazochezwa karibu kila mahali), maana simu nyingi za siku hizi hurekodi kwa mbinu nyingine iitwayo HEVC, na kuna vivinjari visivyoweza kuicheza. Ukiipa picha kilobiti 500 kwa sekunde na sauti kilobiti 128, wimbo ule ule wa dakika 10 utashuka hadi karibu megabaiti 47. Ukilazimika kupunguza zaidi, punguza picha na uiache sauti, kwa kuwa sauti yote ya dakika hizo 10 haifiki megabaiti 10, na katika zeze msikilizaji anafuata nyuzi kuliko sura ya mpigaji. Hili nalisisitiza kwa sababu mipangilio ya haraka ya programu nyingi haijui kwamba hii ni kumbukumbu ya muziki.

Kuna jambo jingine dogo lenye athari kubwa. Ndani ya faili la MP4 kuna sehemu inayohifadhi faharasa, yaani maelezo ya wapi kila kipande cha picha na sauti kinapatikana, na vifaa vingi huiandika mwishoni kabisa mwa faili, baada ya rekodi kukamilika. Kichezaji hakiwezi kuanza bila faharasa hiyo, kwa hiyo mtazamaji mwenye mtandao dhaifu anaweza kukaa mbele ya duara linalozunguka ilhali data yake inaliwa. FFmpeg ina chaguo liitwalo faststart ambalo huihamishia mwanzoni, na video huanza kucheza wakati sehemu iliyobaki ikiendelea kushuka. Kisha weka picha moja nzuri ya jalada, na uzuie video isijipakue mpaka mtu aibonyeze.

Hata ukiyafanya hayo yote, faili lenu litabaki na ubora mmoja tu. YouTube hutengeneza nakala za ubora mbalimbali na kubadilisha kutoka moja hadi nyingine kadiri mtandao unavyopanda na kushuka, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kupachika rekodi ndefu badala ya kuzibeba wenyewe. Kupachika kwenyewe ni kwepesi: tangu toleo la 2.9 la mwaka 2009, WordPress huchukua linki iliyobandikwa peke yake kwenye mstari na kuigeuza kuwa kichezaji. Wahariri wenu waishie hapo, wabandike linki tu. Usiwape ruhusa ya kubandika msimbo wa fremu wanaouokota popote, kwa maana fremu inaweza kuleta ndani ya ukurasa wenu kitu chochote kutoka tovuti yoyote. Ukurasa wenye video nyingi pia utakuwa mzito, kwa kuwa kila kichezaji hushusha mamia ya kilobaiti kabla hata hakijabonyezwa. Tafuta programu-jalizi, yaani nyongeza ya WordPress, inayoonyesha picha kwanza na kuita kichezaji mtu anapogusa.

Sasa nije kwenye linalonigusa zaidi, nalo ni zile nyimbo za unyago. Umesema mtaziweka YouTube kwa hali ya kutoorodheshwa ili zisionekane na kila mtu. Tafadhali msifanye hivyo. Video isiyoorodheshwa haitokei kwenye utafutaji, lakini yeyote mwenye linki anaitazama na anaweza kumtumia mwingine, na ikishapachikwa kwenye ukurasa wa wazi linki hiyo imekuwa ya watu wote. Akina mama walikubali kurekodiwa. Kuonyeshwa kwa walimwengu ni ruhusa nyingine, nayo iombwe peke yake, kwa kila wimbo. Wasiporidhia, rekodi zikae kwenye diski mbili zilizohifadhiwa nyumba tofauti. Rekodi halisi za nyimbo nyingine nazo zikae humo humo, kwa sababu akaunti ya YouTube inaweza kufungwa siku yoyote na nakala iliyobanwa hairudishi ubora uliopotea.

Kuhusu maneno ya Kigogo, msiichome tafsiri yake ya Kiswahili ndani ya picha. Iandikeni kwenye faili la manukuu liitwalo WebVTT, ambalo ni maandishi ya kawaida: mstari wa kwanza una neno WEBVTT, kisha muda kama 00:00:12.000 --> 00:00:16.500, na chini yake tafsiri ya maneno yanayoimbwa wakati huo. Mzee akiwaambia kwamba neno fulani mmelikosea, mtalirekebisha kwa dakika chache bila kugusa video, na faili hilo hilo YouTube nayo inalipokea.

Kwa hiyo vipande vifupi vya kukaribisha wageni vipakieni kwenu, nyimbo ndefu zilizoruhusiwa zipachikeni. Nitumie kwa mtu anayekuja Dodoma rekodi moja ya zeze, ile ndefu kuliko zote, ikiwa kwenye diski na si kwa WhatsApp, ambayo hubana video. Nitaiandaa na kukuandikia amri nilizotumia, ili zilizobaki mziandae wenyewe.

Wasalimie wazee wote.

Wasalaam,
Rafiki yako wa Nkuhungu