Vipicha, Mhariri?

Ndugu Mhariri,

Nawasoma miaka mingi na sijawahi kuwaandikia, hata siku mlipokosea matokeo ya Simba na Yanga. Lakini ile habari ya juzi kuhusu wachoraji wa Oysterbay imenishinda. Mwandishi wenu ameziita kazi zao "vipicha vya kuuzia watalii".

Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru akaja Dar kutafuta riziki, kama tulivyokuja wengi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi ya kopo, ile ya kupakia baiskeli, akawa anauza nje ya duka la Morogoro Stores, hapohapo Oysterbay wanapochora hawa mliowaandika. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu anayetoroka. Muda wote aliochora haukufika miaka mitano, na bado ukaacha mtindo unaobeba jina lake. Wageni wanavuka bahari kuzitafuta kazi hizo. Kwetu mtoto akisikia "tingatinga" anawaza mashine ya kusawazisha barabara.

Sishangai sana, maana niliyaona ofisini kwetu Posta kabla sijastaafu. Kwenye korido palikuwa na chui wa rangi hizohizo, macho ya njano, madoa yamepangwa moja moja mpaka ncha ya mkia. Alikuwepo kabla mimi sijaajiriwa. Ukaja ukarabati. Nikatoka kunywa chai, kurudi namkuta kijana wa fundi kamlaza chui sakafuni anachanganyia saruji juu yake, mgongo wote umeshapotea, limebaki jicho moja linanitazama. Nikamuuliza, "Mwanangu, unajua hicho ni nini?" Akanijibu kwa adabu kabisa, "Shikamoo mzee. Ni ubao, tumeambiwa ni wa kutupa." Simlaumu yeye. Nikapanda kwa mkubwa wetu, mtu mwenye shahada zake, akacheka: "Mzee wangu, mambo ya zamani hayo, yanafanya ofisi ionekane ya kijijini." Wiki iliyofuata ukutani pakatundikwa picha ya kuchapwa kiwandani, mlima wa theluji na kibanda cha mbao, fremu ya plastiki iliyopakwa rangi ya dhahabu. Theluji, Mhariri, kwenye ofisi ambayo feni lake lilikuwa bovu! Na mlima wenyewe wala si Kilimanjaro.

Tena tukiwa hapohapo: mpingo. Mti huu Wazungu wanautengenezea klarineti, ala ya kupigwa kwenye kumbi zao kubwa watu wakiwa wamevaa suti. Hapa mchongaji wa Mwenge akikutajia bei ya kinyago kilichomkalisha chini siku nyingi, unamwambia "acha wizi, gogo tu hilo", kisha jioni hiyohiyo unalipa pesa ileile kwa maua ya plastiki. Nimewasikia wenye magari mazuri wakisema hivyo.

Ombi langu kwa mwandishi wenu ni dogo. Mmpe ruhusa ya siku moja, aende Oysterbay na brashi, kopo la rangi ya baiskeli na kipande cha hadibodi. Achore kanga mmoja, yule ndege, na madoa yake yote, asiruke hata moja wala yasigusane. Akimaliza mchapisheni ukurasa wa mbele, kwa rangi, na chini yake muandike: "Kipicha".

Mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam