Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Hifadhi: njia ya msituni bado haina alama

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: ALAMA ZA NJIA YA MAJIRA YA BARIDI

Tunakusalimu kwa heshima. Tunakuandikia hadharani kwa kuwa barua tulizokuletea ofisini hazijajibiwa, na theluji iliyoanguka wiki iliyopita imeleta jambo lile lile tulilolionya. Asubuhi iliyofuata, alama za skii, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, zilikuwa zimekata katikati ya eneo la utulivu wa wanyama, ambako watu hawaruhusiwi kuingia bila kibali, kwenye ukingo wa juu wa msitu. Kufikia jioni ilikuwa njia pana, na nyayo za viatu vya theluji na za mbwa wasiofungwa zimetapakaa pande zote.

Huenda aliyepita wa kwanza hakujua. Waliokuja nyuma walifuata alama zake, kwa sababu kwenye theluji mpya alama za kwanza ndizo zinazogeuka njia. Ubao wenu wa njia panda una kimo cha mita moja na nusu. Theluji ikifika mita mbili, ubao umezikwa. Ule mwingine uko kwenye maegesho, mbali mno na mahali ambapo mtu huamua apite kushoto au kulia.

Madhara yake unayajua, lakini tutayarudia. Kwale mweusi wa Alps, ndege wa milima hii, hula alfajiri na jioni, tena chakula duni: machipukizi na majani ya misonobari. Saa zilizobaki hujichimbia shimo kwenye theluji laini, ambako baridi ni ndogo kuliko nje. Akifurushwa hupoteza joto la shimo pamoja na nguvu alizotumia kuruka, halafu hulazimika kula tena mchana kweupe, tai na mbweha wakimwona. Mbuzi mwitu wa milimani na kulungu mwekundu hupunguza mapigo ya moyo na joto la mwili ili mafuta yao yafike hadi majani mapya. Kukimbia kwenye theluji inayowafika kifuani huyateketeza mafuta hayo. Wakishtuliwa mara moja huweza kustahimili. Wakishtuliwa kila siku hadi mwisho wa baridi, wengine hawafiki. Kuna miche pia: kingo za chuma za skii hukata vilele vya misonobari michanga iliyofunikwa na theluji kidogo tu, na huko juu mche hukua polepole sana.

Sasa tuje kwenye kiini, ambacho ofisi yako imekikwepa. Njia halali iliyochorwa kwenye ramani yenu hupanda mteremko wa wazi ambao sehemu zake zina mwinuko wa nyuzi 35. Hatari ya maporomoko ya theluji ikiwa daraja la 3 kati ya 5, mtu mwenye busara haendi pale. Maporomoko mengi ya bamba, yaani tabaka la theluji iliyoshikana linalokatika na kuteleza kwa pamoja, huanzia kwenye miteremko inayozidi nyuzi 30, na uzito wa mtu mmoja unatosha kulikata bamba. Basi watu huingia msituni, kwenye mwinuko mdogo, na huko ndiko kwale waliko. Mmewaachia wachague kati ya kuvunja sheria na kuhatarisha maisha, kisha mnalalamika wakichagua msitu. Faini haitaondoa tatizo hilo. Mnatakiwa kutoa ujia mmoja tu msituni, chini ya nyuzi 30 na usiopita chini ya miteremko mikali, unaopitika hata siku za daraja la 3. Mnyama huzoea watu wanaopita mahali pale pale kila siku. Humtisha zaidi yule anayetokea asipotarajiwa.

Kazi yenyewe si kubwa. Ardhi imeshaganda, kwa hiyo kwa sasa tumieni fito za mianzi za mita 3, zilizochomekwa kwenye theluji hadi zisimame imara, vichwa vyake vimepakwa rangi ya chungwa. Ziacheni mita 30 kati ya fito na fito, na karibu zaidi penye kona, ili katika ukungu mtu aione ya mbele kabla hajaiacha ya nyuma. Mahali watu wanapokatia kushuka, fungeni kamba yenye vitambaa pande zote mbili, kwa sababu wengi hupotoka wakati wa kushuka, wakifuata theluji laini iliyohifadhiwa na kivuli cha miti. Kila baada ya theluji kubwa mtu apite kuziinua fito. Ujia huo huo uwekwe kwenye ramani za simu, na njia ya zamani ifutwe humo. Vuli ijayo, kabla ardhi haijaganda, simikeni nguzo za kudumu.

Mheshimiwa, katika mkutano wa hadhara msimu uliopita ulisema alama zitakuwa tayari kabla ya theluji ya kwanza. Theluji ya kwanza ilianguka, ya pili ikaanguka, na hii ya wiki iliyopita ni kubwa kuliko zote. Tumejitolea kubeba fito hizo wenyewe. Kinachokosekana ni kibali chako cha maandishi kuingia eneo la utulivu na kuchomeka ya kwanza. Tunaomba kibali hicho wiki hii, kabla alama za skii za wiki iliyopita hazijazoeleka kuwa ndiyo njia.

Wako,
Waongozaji wa wapanda mlima kwa skii na viatu vya theluji