Kabla hujaacha sheria

Mwanangu mpenzi,

Sisi huku hatujambo, ni magoti ya baba yako tu.

Tangu uliponipigia Jumapili sijalala vizuri. Ulisema huoni tena maana ya kusomea sheria, ikiwa mjomba wako amekaa mahabusu miezi minane bila kesi yake kusikilizwa hata siku moja. Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na jibu. Yule ni ndugu yangu, tumbo moja. Hasira uliyo nayo wewe, mimi ninayo mara mbili. Lakini wiki nzima namfikiria mwanamke mmoja, nami nataka umjue.

Anaitwa Francisca Van Dunem. Alizaliwa Luanda mwaka 1955, Angola ikiwa bado chini ya Mreno, akaenda Lisbon kusomea sheria. Ndugu yake José alikuwa Angola, mwanasiasa wa MPLA, chama kilichotawala Angola baada ya uhuru. Tarehe 27 Mei 1977 palitokea uasi dhidi ya serikali ya Rais Agostinho Neto. José na mkewe, Sita Valles, wakahesabiwa miongoni mwa viongozi wa uasi huo, wakakamatwa, wakauawa. Hawakufikishwa mahakamani. Hawakupewa wakili. Familia haikupewa hata kaburi la kwenda kulilia. Waliacha mtoto mdogo.

Mwaka huohuo Francisca alipata shahada yake ya sheria.

Hapo ndipo ninapokwama kila mara. Ningekuwa mimi, vile vitabu ningevichoma. Yeye mwaka 1979 aliingia kazini kwa waendesha mashtaka wa Ureno, yaani upande wa dola, upande wenye nguvu ya kumshika mtu na kumfungulia mashtaka. Akadumu humo zaidi ya miaka 30, na tangu 2007 akawaongoza waendesha mashtaka wa wilaya ya Lisbon. Kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko uwaziri wake. Mtu aliyefiwa kwa kukosekana kwa hukumu anajua jalada lisilofunguliwa lina uzito gani, na watu wa namna hiyo ndio ninaotaka wakae kwenye viti vile.

Uwaziri ulikuja Novemba 2015, Waziri Mkuu António Costa alipomkabidhi Wizara ya Sheria. Akawa mweusi wa kwanza kuwa waziri katika serikali ya Ureno, nchi iliyotawala Waafrika kwa karne nyingi. Alikaa hadi Machi 2022. Wakati wa korona, mwaka 2020, serikali yao ilipeleka bungeni sheria ya kuwasamehe wafungwa waliobakiza miaka 2 au pungufu, isipokuwa wenye makosa mazito kama mauaji, ili magereza yasigeuke makaburi. Niliposoma hayo nilimkumbuka mjomba wako akilala ubavu kwa kukosa nafasi.

Sikufichi la upande wa pili. Barua iliyopelekwa Umoja wa Ulaya kumtetea mwendesha mashtaka aliyependekezwa na serikali yao kwa kazi ya mwendesha mashtaka wa Ulaya ilikuwa na maelezo yasiyo sahihi kuhusu mtu huyo. Jambo lilipofichuka, wapinzani walimtaka Francisca ajiuzulu, naye akabaki. Mimi bado naona wizara ilipaswa kuwa makini zaidi, hasa wizara hiyo. Mtu aliyeonewa naye anaweza kukosea akishika kalamu ya serikali, na wewe ukifika huko utakumbana na hilo.

Mwezi Mei 2021 Rais João Lourenço wa Angola aliomba radhi hadharani kwa mauaji ya 1977. Miaka 44, mwanangu. Wakati huo Francisca alikuwa waziri wa sheria wa nchi nyingine.

Sikuamrishi urudi darasani. Ada ya muhula nimeshaitenga, ipo hata ukichelewa kuamua. Mjomba wako alikuja jana, amekonda lakini anakula. Alileta hati yake ya dhamana, ameikunja mara nne kwenye mfuko wa plastiki, akaniomba nimtunzie. Nimeiweka chumbani kwako, juu ya vitabu vyako.

Mama yako