Mwaka wa Kusoma Mabano: Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama

Ndugu wanachama,

Assalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa wale ambao hawamo humo, habari zenu. Katiba ya chama chetu cha wapenzi wa santuri inanitaka nisome taarifa hii kabla ya chakula. Sababu mnaijua: mwaka juzi niliisoma baada ya pilau, nusu yenu mkasinzia.

Nianze na la huzuni. Mwezi Machi tulimzika mwenzetu aliyekuwa baharia, mwanachama tangu enzi zile tulipokuwa watu saba tukikaa mkekani barazani kwa katibu. Kabla ya kufariki aliwausia wanawe kwamba santuri zake zote zije kwetu. Zililetwa na mkokoteni, masanduku manne ya mbao. Nyingine zimepinda kwa joto, nyingine kava zake zimeliwa na mende, lakini nyingi ni nzima. Naomba tusimame kimya kidogo kwa ajili yake.

Ahsanteni. Tukae.

Mkutano mkuu uliopita ulituachia kazi moja: kwenye daftari letu la santuri, kando ya jina la mwimbaji, liandikwe na jina la mtunzi. Wenye kumbukumbu wanajua kazi hiyo ilizaliwa na aibu yangu mimi. Nilisimama hapa hapa, nikapiga "I Will Always Love You", nikatangaza kwa kujiamini kabisa kwamba Whitney Houston aliutunga kwa ajili ya mumewe. Binti mmoja, mwanachama wa miezi miwili, akanyoosha mkono. "Shikamoo Mwenyekiti. Samahani, ule wimbo ni wa Dolly Parton." Mkacheka hadi chai zikamwagika.

Binti alikuwa sahihi. Dolly Parton aliuandika mwaka 1973 kumuaga Porter Wagoner, bosi wake kwenye kipindi cha televisheni, ambaye hakutaka aondoke. Elvis Presley aliupenda akataka kuurekodi. Mambo yakiwa yameshapangwa, meneja wake, Kanali Tom Parker, akampigia Dolly simu: Elvis haimbi wimbo mpaka apewe nusu ya haki zake. Dolly akakataa. Mwenyewe anasimulia kwamba alilia usiku kucha. Mwaka 1992 Whitney akauimba kwenye filamu, ukakaa namba moja Marekani wiki 14, na haki zote zilikuwa bado mkononi mwa aliyeuandika. Nilijifunza mawili siku ile: nisiseme nisilolijua, na niwe nasoma mabano.

Mabano ninayosema ni yale ya kwenye lebo, chini ya jina la wimbo, herufi ndogo kama mbegu za ufuta. Tumekuwa tukiyapita miaka yote. Kwa hiyo kuanzia Aprili kila Jumamosi ya pili ya mwezi tumekuwa tukikutana, mmoja ameshika kioo cha kukuzia, mwingine tochi, katibu ameshika kalamu.

Niwaambie habari ya sahani moja tu, kwa sababu nyingine zote nimezielewa kupitia hiyo. Ilikuwa chini kabisa ya sanduku la pili la marehemu. Ni sahani ndogo, ya nyimbo mbili, ya Elvis, ya mwaka 1956. Upande mmoja "Hound Dog", upande wa pili "Don't Be Cruel".

Tuanze na "Hound Dog". Kwenye mabano kuna Leiber na Stoller. Hawa walikuwa vijana wawili wa Kiyahudi, Jerry Leiber na Mike Stoller, na mwaka 1952 walipoandika wimbo ule Los Angeles walikuwa na miaka 19 tu. Hawakumwandikia Elvis. Walimwandikia Big Mama Thornton, mwanamke mweusi wa miraba minne mwenye sauti ya kutetemesha bati, na maneno yalikuwa ya mwanamke anayemfukuza mwanaume mnyonyaji. Elvis aliusikia Las Vegas kwa bendi nyingine iliyokwisha kubadilisha maneno na kutia habari za sungura. Leiber hakuwahi kuyapenda maneno hayo. Lakini hapa pana kisa ambacho marehemu, kama baharia, angekifurahia. Julai 1956 Stoller alikuwa anarudi Marekani kutoka Ulaya kwa meli ya Andrea Doria. Meli ikagongwa na nyingine usiku, ikazama. Stoller akaokolewa, akafika New York, na Leiber akawa anamsubiri bandarini na habari: tumepata kibao kikubwa, "Hound Dog". Stoller akadhani ni ule wa Big Mama. Hapana, akaambiwa, ni wa kijana mmoja mzungu anaitwa Elvis Presley. Stoller akauliza: Elvis nani?

Sasa igeuzeni sahani. "Don't Be Cruel", na kwenye mabano kuna majina mawili: Otis Blackwell na Elvis Presley. Hapo ndipo mzee wetu wa vikuza sauti aliposema, "Kumbe naye alikuwa mtunzi!" Hakuwa. Blackwell, kijana mweusi wa Brooklyn aliyekuwa akifanya kazi ya kupiga pasi nguo, alisimulia kwamba mkesha wa Krismasi wa 1955 alikuwa amesimama barabarani New York, viatu vimetoboka, akauza nyimbo sita kwa dola 25 kila mmoja. Mmoja wao ulikuwa huu. Ulipofika kwa watu wa Elvis, sharti likaja: jina la Elvis liingie kwenye mabano na mapato ya utunzi yagawanywe. Ni sharti lile lile ambalo Dolly alilikataa miaka karibu 20 baadaye. Blackwell alikubali. Baadaye akaandika "All Shook Up", mabano yale yale, majina yale yale mawili. Akaandika "Great Balls of Fire" pamoja na Jack Hammer kwa Jerry Lee Lewis, na "Return to Sender" pamoja na Winfield Scott. Kwenye rekodi za majaribio aliimba mwenyewe, na wanaozisikia wanasema Elvis alifuata mpaka namna yake ya kukata pumzi. Hawakuwahi kukutana uso kwa uso.

Kikao kile kilizua ubishi hadi saa tano usiku. Wapo waliosema Blackwell alidhulumiwa. Mweka hazina, mfanyabiashara, akasema nusu ya mapato ya wimbo wa Elvis ni nyingi kuliko yote ya wimbo usiosikika. Mimi niko upande wa Dolly, ila najua Dolly mwaka ule alikuwa tayari na jina, na Blackwell alikuwa na viatu vilivyotoboka.

Kikao cha Juni kilikuwa cha "Thriller", na hapo wengi mlipigwa butwaa. Mmecheza ngoma ile kwenye harusi ngapi? Mtunzi wake si Michael Jackson. Ni Rod Temperton, Mwingereza mpole wa Cleethorpes, aliyewahi kufanya kazi kwenye kampuni ya samaki wa barafu huko Grimsby kabla ya kujibu tangazo la gazeti na kuingia bendi ya Heatwave kama mpiga kinanda. Quincy Jones, mtayarishaji wa Michael, akazisikia kazi zake akamwita. Kwenye albamu ya Michael ya 1979 alichangia nyimbo tatu, pamoja na "Rock with You". Kwenye ile ya 1982 akachangia tatu nyingine. Wimbo wenyewe mwanzo uliitwa "Starlight". Quincy akamwambia tafuta jina jingine. Temperton akarudi hotelini akaandika majina mia mbili na zaidi, akachagua moja, akalala. Asubuhi akaamka na neno jipya kichwani, na moja kwa moja akaliona limeandikwa juu ya kava. Maneno ya kutisha ya mwishoni, yanayosomwa na mwigizaji Vincent Price, aliyaandika kwenye teksi akielekea studio. Alifariki mwaka 2016, na angeweza kupita barabara yetu hii akanunua mihogo bila mtu kumgeukia.

Kuhusu "Red Red Wine" nitasema kwa kifupi maana wapenzi wa rege mna hasira za karibu. Ndiyo, ni wa Neil Diamond, Mmarekani, wa mwaka 1967. Msione haya. UB40 wenyewe, walioufanya utambe 1983, waliujua kupitia toleo la rege la Tony Tribe la 1969, na walipoona mabano yameandikwa "N. Diamond" walidhani ni Mjamaika fulani anayeitwa Negus Diamond.

Katibu aliniomba nimalize pia ubishi wa Lionel Richie. Yale maneno katikati ya "All Night Long" si Kiswahili, si Kikongo, si lugha yoyote. Lionel alikiri kuwa aliyabuni tu. Mwenye kutaka Kiswahili asikilize mwanzo wa "Liberian Girl" ya Michael Jackson, anapozungumza Letta Mbulu wa Afrika Kusini. Ni Kiswahili hasa, ingawa msichana anayeimbwa ni wa Liberia, ambako Kiswahili hakisemwi. Michael aliutunga mwenyewe huo, kwa hiyo mabano yako sawa, jiografia ndiyo tumwachie.

Kikao kilichonichosha moyo kilikuwa cha Septemba. Tulikuwa na sahani ya The Tokens, "The Lion Sleeps Tonight", ya mwaka 1961. Tukasoma mabano kwa tochi, tukakuta majina ya Kimarekani. Na wimbo ule ni "Mbube", alioutoa kifuani Solomon Linda, Mzulu, Johannesburg mwaka 1939, akiwa na kundi lake la Evening Birds. Linda alikuwa kibarua wa kampuni ile ile iliyomrekodi. Aliuza haki kwa shilingi kumi. Sahani ikafika Marekani kwa mwimbaji Pete Seeger, ambaye sikio lake lilisikia "wimoweh" mahali ambapo Wazulu wanasema "uyimbube", yaani wewe ni simba. Kundi lake la The Weavers likaurekodi, kisha wengine wakautilia maneno ya Kiingereza, na safari ikaendelea mpaka filamu ya katuni ya simba ya mwaka 1994. Linda alikufa 1962, maskini, na kaburi lake lilikaa miaka bila jiwe. Kilichowasaidia wanawe ni kifungu katika sheria ya Waingereza ya mwaka 1911: miaka 25 baada ya mtunzi kufa, haki alizouza hurudi kwa warithi. Wakili Owen Dean akakitumia, kesi ikafunguliwa 2004, na mwaka 2006 wakapatana. Katika daftari letu katibu amekata majina yale kwa mstari mmoja, yabaki yanasomeka, na juu yake ameandika: Solomon Linda. Nilimwagiza mimi. Asiyekubali alete hoja.

Wapo waliouliza kuhusu za kwetu. "Jambo Bwana", ambao watalii wanadhani uliota wenyewe ufukweni kama mnazi, ni wa Teddy Kalanda Harrison wa Them Mushrooms, Mombasa, na Boney M. walikuja kuuchukua baadaye. "Malaika" sikuruhusu uandikwe. Fadhili William aliurekodi na jina lake ndilo linalojulikana, lakini wanaodai ni wao ni zaidi ya mmoja, na kwenye daftari nafasi hiyo iko wazi kwa penseli.

Isionekane nawatetea watunzi tu. Mwanachama mmoja mama, mwimbaji wa kwaya, alinibana kwa haki kabisa na "Respect". Mabano yanasema Otis Redding, 1965. Lakini aliyeugeuza mwaka 1967 ukawa wa mwanamke, akatia ile sehemu ya kulitaja neno herufi kwa herufi, ni Aretha Franklin, na mabano hayamtaji. Zaidi ya hapo, sheria ya Marekani inamlipa mtunzi wimbo ukipigwa redioni. Mwimbaji halipwi kitu. Kwa hiyo kila redio ya kule ilipopiga sauti ile, mirabaha ilikwenda kwa Redding na warithi wake. Mama akauliza: sasa hapo aliyedhulumiwa ni nani? Sikuwa na jibu, na bado sina. Tumekubaliana daftari liwe na safu ya tatu, ya maelezo.

Mambo ya nyumbani niyapitie haraka. Ada zimelipwa na wanachama wengi kuliko mwaka jana, na mweka hazina atasoma mahesabu baada yangu. Amplifaya kubwa tuliipeleka kwa fundi ikiwa inakoroma, ikarudi bububu. Tumesamehe, tumebadilisha fundi. Sindano mbili za gramafoni zimenunuliwa. Masanduku ya marehemu mawili yamekamilika, mawili bado. Uchaguzi utafanyika baada ya chakula, na mimi sigombei tena. Macho yangu hayawezi tena zile herufi za ufuta.

Jambo la mwisho. Mwezi Agosti kuna mtu aliazima "Tapestry" ya Carole King, ya 1971. Daftari la maazimo limelowa chai, jina halisomeki. Upande wa kwanza tulishauandika. Upande wa pili ndio wenye nyimbo ambazo yeye na Gerry Goffin waliwaandikia wengine kabla hajaanza kuziimba mwenyewe, ule wa The Shirelles na ule wa Aretha, na hatujaugusa. Tafadhali airudishe, hata kama ni kwa kuiacha mlangoni usiku.