Yah: Malalamiko kuhusu maelezo ya nyumba ya kulala wageni karibu na Brecon, Wales

Meneja,
Wakala wa Safari,
Dar es Salaam.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nyumba yenyewe hatuilaumu. Vitanda ni vizuri, shuka safi, birika la umeme na majani ya chai vipo chumbani, na mwenyeji ni mkarimu. Tunalalamikia karatasi ya maelezo mliyotupa, pamoja na ombi letu ambalo hamkulifikisha.

Karatasi inasema nyumba iko "dakika 10 kwa miguu kutoka stesheni ya treni ya Brecon". Brecon haijapata treni ya abiria tangu 1962. Stesheni zilizo karibu ni Merthyr Tydfil na Abergavenny, kila moja kama kilomita 30. Anayetoka Cardiff angeambiwa apande basi la T4, linalopitia Merthyr hadi Brecon bila kubadilisha gari. Kwa kufuata karatasi yenu tulijikuta Merthyr usiku, tukalipa teksi pauni 58. Tena vijijini kule postikodi moja hubeba mashamba kadhaa, ndiyo maana ramani ya simu ilimfikisha dereva kwenye geti la zizi la kondoo. Ombeni pini ya ramani kwa mwenyeji, muiweke kwenye karatasi.

Lililotuumiza zaidi ni chakula. Kwenye fomu yenu tulijaza "bila nguruwe, watu 4". Mwenyeji alituonyesha nakala aliyopokea kwenu: sehemu ya maombi ilikuwa tupu. Kifungua kinywa cha Wales ni bekoni, soseji, mayai, na mara nyingi bara lawr, yaani mwani uliochemshwa kwa saa nyingi hadi ukawa rojo la kijani kibichi karibu na jeusi, ukachanganywa na oti na kukaangwa. Mgeni akisikia mwani anajua yuko salama. Kumbe kwa desturi hukaangwa kwa mafuta ya bekoni, na mayai hupitia kikaango hicho hicho. Kuondoa bekoni sahanini hakusaidii kitu. Kinachotakiwa ni kikaango cha pembeni, mafuta ya mimea, na taarifa mapema, kwa sababu duka haliko jirani. Asubuhi ya kwanza tulikula tosti na jemu tu, ilhali tumelipia mlo kamili. Ya pili, baada ya kuongea na mwenyeji wenyewe, kila kitu kilikuwa sawa.

Mmeandika pia "joto saa 24". Nyumba hiyo haina bomba la gesi; inapashwa kwa mafuta yanayoletwa na lori na kuwekwa kwenye tangi nje, na mtambo huwashwa asubuhi na jioni. Hilo si kosa la mwenyeji. Mngesema tu, mgeni angebeba sweta la kulalia.

Tunaomba, ndani ya siku 14:

Mrudishe pauni 58 za teksi na gharama ya kifungua kinywa cha asubuhi ya kwanza kwa watu 4.

Mrekebishe karatasi, kuanzia kwenye stesheni.

Maombi ya chakula yapelekwe kwa maandishi, na mgeni apate jibu la mwenyeji saa 48 kabla ya kufika.

Tumeambatanisha risiti ya teksi, nakala ya fomu yetu na picha ya nakala aliyopokea mwenyeji.

Wateja wenu,
Wageni wanne wa vyumba viwili